Mwaka Ambao Rypa Hakukimbia

Kwetu mbwa jike akishikwa na joto hatusemi ameshikwa na joto. Tunasema anakimbia. Mbwa mwenyewe anaweza kuwa amelala chali mbele ya jiko, anakoroma. Madhali damu inadondoka na madume wa wilaya nzima wanakesha kwenye uzio, basi anakimbia. Anakimbia wiki tatu, na katika wiki hizo hakuna timu ya uwindaji itakayomruhusu kutia mguu msituni, maana madume wakimnusa wanamsahau elgi. Na elgi ana kimo cha farasi na pembe pana kama milango ya kabati. Kumsahau mnyama wa ukubwa huo si jambo dogo. Kuna dume mmoja wa kijiji cha Grong alifuata harufu ya jike akavuka mpaka wa Uswidi. Alirudi Krismasi, na tangu siku hiyo akawa anabweka Kiswidi.

Basi siku ya tano ya mwezi wa tisa, saa mbili asubuhi, Arnljot Bjørhus aliona matone manne ya damu kwenye sakafu ya jikoni kwake.

Alikuwa peke yake. Mkewe Gunnvor alikuwa zamu kwenye nyumba ya wazee, analisha na kuogesha watu waliomzidi miaka michache tu. Arnljot alikuwa na miaka sitini na tatu. Kiwanda cha mbao kilikuwa kimebaki na mgongo wake na kumpa pensheni badala yake. Alimtazama mbwa. Rypa, jike wa kijivu mwenye mkia uliojikunja kama andazi, alijilamba nyuma, akatikisa mkia, naye akamtazama.

"Leo?" Arnljot akamwuliza. "Kati ya siku zote, leo?"

Uwindaji ulikuwa unafunguliwa tarehe ishirini na tano. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, hesabu ikakataa. Mwaka uliotangulia Rypa alianza kukimbia siku ileile ya ufunguzi, na mkuu wa timu, Halstein, akamwondoa msituni mbele ya watu wote. Siku kumi Arnljot alikaa kwenye kibanda cha timu akiwachemshia kahawa wenzake wanaorudi na damu mikononi. Wakamwita Birika. Jina likashuka bonde zima. Mpaka binti wa dukani alimwuliza, akicheka, kama anataka kahawa iliyosagwa au anajisagia mwenyewe.

Lakini matone hayo manne Gunnvor alikuwa anayangoja kama mtu anayengoja barua. Baba yake alikuwa amefuga ukoo huo wa mbwa miaka arobaini, na sasa ulikuwa umebaki jike mmoja tu: Rypa. Alikuwa na miaka sita na hajawahi kuzaa. Gunnvor alishakubaliana na mwenye dume mmoja kule Overhalla; kilichobaki kilikuwa Rypa akimbie, apelekwe, azae. Daktari wa mifugo alikuwa amesema wazi: msimu huu, au basi.

Arnljot alichukua kitambaa, akakilowesha, akafuta matone. Halafu, kwa kuwa sakafu ilionekana safi mahali pamoja tu, akadeki jikoni kote.

*

Halstein alikuwa bandani na kondoo wake.

"Birika!" akaita. "Karibu. Umekuja na sukari?"

"Punguza sauti, Halstein bwana. Vile vidonge vya kuzuia kukimbia, bado unavyo?"

"Vya mbwa wangu, marehemu Senta? Vipo." Halstein akachukua kopo la tumbaku juu ya boriti, akalitikisa. Likalia kama njuga. "Mama anajua?"

"Mama" kwake ni Gunnvor. Wanaume wa timu ile wote walimwita hivyo, kwa heshima na kwa woga.

"Hajui, na hana haja ya kujua. Nataka tu kukimbia kwake kusogee mbele. Akimbie mwezi wa kumi na moja, tukishamaliza msituni. Dume wa Overhalla haendi popote."

"Basi hii ndiyo dawa yako. Ni homoni, bwana. Inaudanganya mwili kwamba una mimba tayari. Mwili wenye mimba unafunga duka: hakuna damu, hakuna harufu, hakuna wateja. Ukiacha vidonge, duka linafunguliwa. Inaahirisha tu."

"Ameshaanza lakini. Nimeona matone asubuhi."

Halstein akajikuna kidevu. "Basi mpe mara mbili."

"Karatasi ya maelezo iko wapi?"

"Senta aliila."

Arnljot akalifungua kopo, akavitazama vidonge vyeupe visivyo na jina. "Na Senta alikufa kutokana na nini vile?"

"Uzee," Halstein akasema, akimshika kondoo pembe. "Na tumbo kidogo."

*

Kila asubuhi, Gunnvor akishatoka, Arnljot alipaka maini ya kusaga kwenye kipande cha mkate na kuzika vidonge viwili katikati. Maini hayo Gunnvor aliyasaga mwenyewe, kwa kitunguu na pilipili manga, na Rypa aliyapenda kiasi kwamba alimlamba Arnljot vidole kimoja kimoja baada ya kumeza. Siku mbili za kwanza Arnljot alimfuta Rypa kabla Gunnvor hajarudi; siku ya tatu damu ilikatika. Siku ya nane Arnljot alilirudisha kopo kwa mwenyewe.

Jioni Gunnvor alimwinua Rypa mkia, akampangusa kwa karatasi laini nyeupe, akaipeleka karatasi kwenye taa.

"Bado," akasema.

"Atakimbia tu," Arnljot akajibu nyuma ya gazeti.

"Mwaka jana alikimbia mwezi huuhuu. Au amezeeka kabla ya wakati? Mama yake alikimbia kwa kalenda, ungeweza kupangia harusi."

"Wanyama hawasomi kalenda, mama."

"Huyu alikuwa anasoma," Gunnvor akasema, akaikunja karatasi.

Siku ya ufunguzi Rypa alimshika elgi dume kwenye bonde la kinamasi akambwekea kwa muda wa saa mbili bila kumwachia njia, mpaka Arnljot akafika akitambaa na kumpiga risasi moja tu. Wenzake wanasimulia kwamba pembe zake hazikupita mlango wa banda la nyama, ikabidi wang'oe mlango. Mimi nasema waling'oa na ukuta. Vyovyote vile, mwezi mzima hakuna aliyetamka neno birika. Arnljot alilala usingizi wa mtoto aliyeshiba.

*

Mwishoni mwa mwezi wa kumi Rypa alianza kunywa maji.

Kwanza alimaliza bakuli lake. Halafu akanywa ndoo ya kudekia. Halafu Gunnvor akamkuta bafuni amesimama kwa miguu miwili analamba bomba. Alikojoa ndani, yeye ambaye hakuwahi, akaenda kujificha nyuma ya kiti kwa aibu. Ijumaa asubuhi alitapika povu la njano na kukataa maini.

Hapo Gunnvor akapiga simu kliniki, mwendo wa kilomita sabini. Akaiweka simu mezani, sauti juu, ili mikono yake ibaki kwa mbwa. Arnljot alikuwa upande wa pili wa meza na kikombe chake.

"Ana umri gani?" akauliza daktari. Jina lake Maiken, mwanamke kijana mwenye sauti ya mtu ambaye hajalala.

"Sita."

"Alikimbia lini mara ya mwisho?"

"Mwaka jana mwezi wa tisa. Mwaka huu hajakimbia."

"Kabisa? Hata tone?"

"Daktari, nimekuwa nikimpangusa kila siku tangu mwezi wa nane. Na sakafu ya hapa naijua kuliko uso wangu. Hakuna tone."

Arnljot alitazama kahawa yake.

"Kuna dawa yoyote amepewa? Sindano, vidonge?"

"Hakuna," Gunnvor akasema. Kisha akainua macho. "Au, Arnljot? Kuna kitu?"

Alikuwa na nafasi. Tuseme ukweli, alikuwa na nafasi ndefu kama barabara ya kwenda Overhalla. Mdomo wa Arnljot ulifunguka.

"Dawa ya minyoo," akasema. "Wakati wa kiangazi."

"Sawa," daktari akasema. "Nauliza kwa sababu jike mwenye kiu hivi, wiki kadhaa baada ya kukimbia, kitu cha kwanza ninachoogopa ni kizazi kujaa usaha. Lakini kama hakukimbia na hakupewa homoni, hilo linashuka chini ya orodha. Amekula matumbo ya elgi?"

"Huyo? Anaweza kumeza elgi na kwato," Arnljot akasema haraka, akacheka. Kicheko kilimtoka peke yake.

"Basi inaweza kuwa tumbo, au figo. Usimpe chakula leo, maji asinyimwe. Akizidiwa mniletee wakati wowote. Asipozidiwa, Jumatatu asubuhi."

Gunnvor akakata simu. Akapitisha kiganja kwenye ubavu wa Rypa.

"Angalau si kizazi," akasema. "Kizazi kikiwa salama, hayo mengine tutayatibu."

*

Jumamosi Gunnvor alikwenda zamu ya asubuhi kwa sababu hakukuwa na mtu wa kumshikia. Alimwachia Arnljot maagizo matatu na kuyarudia mlangoni. Gari lilipopinda tu, Arnljot alimbeba Rypa kwenye toroli ya kuni, kwa sababu hakuweza kutembea vizuri, akamsukuma mpaka kwa Halstein.

Halstein alimwinamia mbwa, akamgusa tumbo. Tumbo lilikuwa gumu na duara.

"Huyu amejaa," akasema polepole. "Senta alikuwa hivihivi."

"Ulisema Senta alikufa kwa uzee!"

"Na tumbo. Nilisema na tumbo."

"Halstein, mtu mzima wewe..."

"Usinipigie kelele mbele ya kondoo. Mpeleke kwa daktari, basi. Mwambie."

"Nimeshaulizwa jana, mbele ya Gunnvor. Nikakataa." Arnljot alikuwa ameshika kingo za toroli kwa mikono yote miwili. "Nikimpeleka leo ni lazima niseme kwamba jana nilikuwa mwongo."

Hapo Halstein akafungua kabati la dawa za kondoo, akatoa chupa ndogo.

"Kuna hii. Sindano ya uchungu. Kondoo akibakiza kondo la nyuma, namchoma, kizazi kinakamua, kila kitu kinatoka. Huyu naye akikamuliwa usaha utamwagika hapahapa kwenye majani makavu. Unamwosha, unarudi nyumbani, Mama anamkuta anakula."

"Kondoo unampa kiasi gani?"

Halstein akamwonyesha kwenye bomba la sindano.

"Basi yeye mpe nusu," akasema, akamkabidhi Arnljot bomba.

Rypa hakutikisika sindano ilipoingia. Alimlamba Arnljot kifundo cha mkono, ulimi mkavu kama ngozi ya kiatu.

Baada ya dakika kumi alianza kutetemeka. Mgongo ukajikunja. Akageuza kichwa kuutazama ubavu wake mwenyewe kama vile kuna mtu ndani anayemwita, akalia, sauti nyembamba ambayo Arnljot hakuwahi kuisikia kwake. Akajikaza, akapumzika, akajikaza. Hakuna kilichotoka. Wanaume wawili wenye jumla ya miaka mia na thelathini walipiga magoti kwenye majani makavu wakimtazama mbwa makalio.

"Ngoja," Halstein alikuwa anasema. "Ngoja. Sasa hivi."

Halafu Rypa akaacha. Kwa ghafla tu. Mwili ukalegea, kilio kikakatika, akaweka kidevu chini. Tumbo, Arnljot alipoligusa, halikuwa gumu tena.

"Unaona?" Halstein akasema. "Maumivu yameondoka."

"Lakini hakuna kilichotoka."

"Kitatoka. La muhimu ametulia."

Na Arnljot, Mungu amsamehe, alifurahi. Alimsukuma mbwa nyumbani akimwimbia. Akamlaza mbele ya jiko, akachemsha kahawa, akanywa vikombe viwili.

Gunnvor alirudi saa tisa alasiri, bado amevaa sare ya kazini. Hakuvua hata viatu. Alipiga magoti, akamfunua Rypa mdomo. Fizi zilikuwa nyeupe kama karatasi ile aliyokuwa akimpangusia.

"Chukua blanketi," akasema. "Naendesha mimi."

*

Daktari Maiken alimpitishia Rypa mashine tumboni mara moja, akazima taa yake na kugeuka. Alikuwa amevaa soksi za sufu zilizotoboka kidoleni.

"Kizazi kimejaa usaha. Na kimechanika. Sasa upo kila mahali ndani. Nina dakika tano za kumwandaa, na katika dakika hizo nataka kusikia aliyopewa huyu mbwa. Yote."

Alikuwa anamtazama Arnljot. Gunnvor alikuwa anamtazama mbwa.

"Vidonge," Arnljot akasema. "Mwezi wa tisa. Vya kuzuia."

"Kabla ya kuanza kukimbia?"

"Alikuwa ameanza. Matone manne."

"Vingapi?"

"Viwili kwa siku. Siku nane."

"Na leo?"

"Sindano ya kondoo. Ile ya uchungu. Nusu."

Daktari hakupaza sauti. Alikuwa anamnyoa Rypa mguu, anatafuta mshipa, na maneno yalitoka kama anazungumza na mshipa huo.

"Akikimbia, mlango wa kizazi unakuwa wazi. Vijidudu vinaingia, kawaida kizazi kinajikamua na kuvitoa. Vidonge vile vinafanya kazi ya homoni ya mimba: funga mlango, nenepesha kuta, misuli ilale, hapa tunalea mtoto. Kwa hiyo ulifunga mlango na mwizi akiwa ndani, ukamtandikia kitanda. Wiki saba amekuwa anakula na kunona. Halafu leo umempa dawa ya kukamua. Kizazi kilicholazwa na homoni ile kinakuwa kiziwi, hakiisikii sana sindano ya uchungu. Lakini vidonge uliviacha zamani, uziwi ulikuwa unaanza kuisha. Kilisikia nusu. Kikakamua, na mlango bado umefungwa. Ni kama kukanyaga chupa iliyozibwa."

"Alitulia," Arnljot akasema. "Baada ya sindano alitulia kabisa."

"Ndipo kilipopasuka."

Gunnvor aliuliza swali moja tu, bila kuinua uso. "Jana ungeweza kufanya nini, daktari?"

Daktari aliingiza sindano mshipani kwanza.

"Jana kuna dawa ningemchoma, inaizuia homoni ile isikae mahali pake. Mlango ungefunguka wenyewe siku moja au mbili, usaha ungetoka. Wengi hupona. Ungeweza kumpandisha mara atakapokimbia tena." Akafunga plasta. "Leo ni kutoa kizazi chote na mayai, nikiwahi. Au kumlaza moja kwa moja. Nataka jibu."

"Kitoe," Gunnvor akasema.

*

Chumba cha kungojea kilikuwa na viti vitatu, picha ya paka, na mashine ya kahawa. Arnljot alikwenda kwenye mashine, akabonyeza, akarudi na vikombe viwili vya karatasi. Gunnvor hakupokea. Akabaki navyo vyote viwili, hana pa kuviweka.

"Ulimpa kwenye nini?" Gunnvor akauliza.

"Nini?"

"Vidonge. Rypa hali vidonge vitupu. Ulimpa kwenye nini?"

"Kwenye mkate. Na maini."

"Maini yangu."

"Ndiyo."

"Na sakafu? Siku ile nilirudi nikakuta umedeki. Nilikushukuru, Arnljot. Nilikwenda kazini nikawasimulia wenzangu. Berit akasema mume wake hajui hata dekio linakaa wapi."

"Nilidhani inaahirisha tu. Nakuapia. Mwezi wa kumi na moja angekimbia, ungempeleka Overhalla, mambo yangekuwa yaleyale."

"Ungeniambia. Ningesema hapana, tungegombana, ungekaa nyumbani msimu mmoja. Basi."

"Ningekaa na birika tena!" Sauti ilimtoka kubwa, bibi mmoja aliyekuwa na sungura kwenye boksi akawatazama. Akaishusha. "Hujui ilivyo. Wewe hukuwepo. Wanakurushia vikombe uvioshe, wanakupiga begani, wanakuita. Miaka thelathini nimewinda na watu wale."

"Jana sikuwa nauliza habari za birika," Gunnvor akasema. "Jana niligeuka nikakuuliza kama kuna kitu. Hapo Halstein hakuwepo, timu haikuwepo. Nilikuwepo mimi, na mbwa alikuwa miguuni pako."

Kahawa ilikuwa inamchoma Arnljot vidole kupitia karatasi, naye akaendelea kuvishika vikombe.

Bibi mwenye sungura aliitwa, akaingia, akatoka, akaenda zake. Nje magari yakawasha taa. Saa kumi na mbili kasoro Daktari Maiken akafungua mlango, kofia ya kitambaa bado kichwani.

"Yuko hai," akasema. "Nimemsafisha kwa lita nyingi kiasi kwamba nimesahau kuhesabu. Siku tatu hizi ndizo zitakazosema."

Gunnvor akasimama. "Naweza kukiona?"

"Kuona nini?"

"Hicho ulichokitoa."

Daktari alisita, halafu akamwongoza ndani. Arnljot alibaki. Mkewe alikaa huko dakika moja, labda mbili. Alipotoka alipitiliza mpaka garini, na Arnljot akamfuata na vikombe vyake viwili vilivyopoa.

*

Rypa hakufa. Siku ya nne alikula, siku ya tano alirudishwa nyumbani na tumbo lililonyolewa na kushonwa kuanzia kitovuni mpaka nyuma. Gunnvor alimtandikia chini ya ngazi. Alizungumza na Arnljot kama kawaida: chumvi iko wapi, barabara ina barafu, kesho nina zamu. Zaidi ya hapo hakuna.

Siku ya tisa, mchana, Halstein aligonga. Alikuwa amevua kofia kabla hata mlango haujafunguliwa.

"Mama," akasema.

"Ingia, unapoteza joto," Gunnvor akamwambia. Akammiminia kahawa, akamsogezea keki. Halstein alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuchumbia. Alipoona hakuna anayempiga, akaanza kupata moyo.

"Tumekaa, sisi wa timu," akamwambia Arnljot. "Tukasema, hakuna baya lisilo na upande wake. Sasa una jike asiyekimbia. Hakimbii tena maisha yake yote! Siku ya kwanza ya msimu mpaka ya mwisho, hakuna kuhesabu tarehe, hakuna kibanda. Nusu ya wilaya watakuonea wivu. Tumekubaliana mwakani mbwa wa kwanza kuachiwa msituni ni wako. Mimi mwenyewe nitakuwa nyuma yako."

Kwa miaka thelathini Arnljot alikuwa amengoja kuambiwa hivyo. Hakujua aangalie wapi. Gunnvor alikuwa anakata keki nyingine, vipande sawasawa.

"Mbona humjibu mgeni?" akauliza.

Kutoka chini ya ngazi ikasikika sauti ya kukwaruza. Rypa alikuwa anafukua blanketi lake, analikusanya, analizungusha liwe duara. Halafu akajilaza kwa ubavu, taratibu kwa ajili ya nyuzi, akavuta kitu kwa pua mpaka kikafika tumboni, akaanza kukilamba.

"Amepata nini huyo?" Halstein akainama kutazama.

"Amezaa," Gunnvor akasema.

"Amezaa?"

"Nimempigia daktari asubuhi. Anasema kizazi kikitolewa na mayai yake wakati kama huu, homoni ya mimba iliyobaki inaanguka kwa mara moja. Na mwili wa mbwa unajua sababu moja tu ya homoni hiyo kuanguka hivyo: watoto wametoka. Basi unaleta maziwa." Akaweka kisu chini. "Anayo. Jana yalilowesha blanketi. Daktari anasema yataisha baada ya wiki mbili au tatu, nisimsumbue."

Halstein akatazama vizuri. "Lakini hiyo ni glavu."

Ilikuwa glavu ya Arnljot, ya kulia, ile ya ngozi ya kondoo anayovaa kushikia bunduki. Ilikuwa imelambwa mpaka manyoya ya ndani yamelala upande mmoja.

"Bwana wee!" Halstein akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka kukaa vibaya. "Nje digrii kumi na nane chini ya sifuri na glavu yako inanyonyeshwa. Ichukue, bwana, kabla hajaipa jina."

Arnljot alisimama, kwa kuwa alikuwa ameambiwa afanye kitu. Akapiga magoti penye ngazi. Akanyoosha mkono uleule uliopaka maini, na kusukuma sindano, akisema kwa sauti aliyomwitia siku zote, "Haya, Rypa. Haya, mama. Nipe."

Rypa akainua kichwa. Akaifunika glavu kwa kidevu chake, akavuta mdomo juu, akamwonyesha meno yote. Mngurumo ulianzia mbali ndani yake, chini kabisa, pale paliposhonwa.

Arnljot akarudisha mkono.

Gunnvor akaja na bakuli la maziwa na mkate, akapita kando ya mumewe, akaketi sakafuni. Rypa akanyamaza mara moja, akamruhusu asogee, akamruhusu hata kuigeuza glavu ili upande mkavu uelekee kwenye chuchu.

Halstein alitafuta kofia yake, akaondoka bila kumaliza keki.

Kuni zilikuwa zimekwisha ndani. Arnljot akavaa koti, akavaa glavu moja, akatoka. Alipasua kuni mchana ule wote, mpaka kisiki kikafukiwa na vipande, na mpini wa shoka ukaanza kunata kwa baridi kwenye ngozi ya kiganja chake cha kulia. Dirishani alikuwa anawaona wote wawili, mke wake na mbwa, chini ya ngazi. Hakurudi kuiomba glavu.